Sanduku la Kurudia Nyumbani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetimiza miaka miwili na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwamba nitakaa msimu mmoja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Mtoto amezaliwa, amekaa, ametambaa, amesimama, na mimi sijamwona hata kwa picha. Ni msichana. Mwezi huu anatimiza miaka miwili.

Sikusoma sana, niliishia darasa la tano, ila mwandiko wangu ulisifiwa. Nimeamua kuandika masika yote haya nione siku zangu zinakwenda wapi, maana zinakwenda. Daftari nimelichukua kwa Mama Duka kwa mkopo. Nalisema hilo mwanzoni kabisa nisije nikajidanganya.

Hapa ni kiwanda cha mbao. Msumeno unapasua gogo, mimi nasimama upande wa pili, napokea ubao, naugeuza, naupanga. Unga wa mbao uko kwenye nywele, kwenye masikio, mpaka kwenye mate. Tunalipwa kwa mbao zilizotoka. Mvua ikizidi, malori ya magogo hayapandi mlima, msumeno unanyamaza, nasi tunakaa bila malipo. Lakini tumbo halijui kwamba msumeno umezimwa. Ndipo mtu anapokwenda kwa Mama Duka, na Mama Duka anafungua daftari lake.

Masika yakiisha, lori la kampuni hushuka na watu wanaokwenda kwao. Nyapara hampandishi mtu ambaye jina lake bado lina deni dukani. Ukidaiwa, unangoja lori la mwakani. Mimi limeniacha mara mbili.

Na deni langu si la chakula tu. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Desturi yetu hapa, mtu anayeondoka hulifungua sanduku lake pale penye jukwaa la kupakilia mbao, mbele ya wote. Watu wanachungulia, wanapiga miluzi au wanacheka. Kwa hiyo kila mmoja, tangu mwezi wake wa kwanza, anakopa vitu vya kurudi navyo nyumbani. Na kwa kuwa amevikopa, hawezi kurudi nyumbani.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuisoma mara tatu. Sikuwahi kuiona ikiwa imeandikwa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimechukua mkate na sigara. Mkopo.

Ijumaa, 8 Machi

Msumeno umefanya kazi saa tatu, ukazimwa.

Ninayelala naye chumba kimoja anaitwa Kesho, kwa sababu ukimuuliza ataondoka lini, jibu ni hilo. Yuko hapa mwaka wa sita. Ana masanduku mawili na godoro zuri nene ambalo halijatolewa kwenye nailoni. Godoro limesimamishwa ukutani. Kesho mwenyewe analala juu ya mbao, chini ya godoro lake.

Leo nimemuuliza, "Kwa nini usililalie tu?"

"Godoro la nyumbani hilo! Nikilitandika hapa nitarudi na nini? Na harufu ya kwapa?"

"Mgongo wako je?"

"Mgongo utapumzika nikifika."

Upande wa pili wa ukuta anakaa mnoa misumeno. Watu wanamwita Birika, kwa kuwa ana mkono wa birika, hatoi wala hanunui. Hana sanduku. Ana mfuko wa turubai umetundikwa kwenye msumari. Analipwa kama sisi, na msumeno ukikaa, naye hana cha kunoa. Lakini sijawahi kumwona kwenye foleni ya mkopo. Nimeanza kujiuliza mtu huyu anakula nini.

Jumanne, 12 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Simu ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayekaa jirani nao. Aliipokea, akampa dada yake.

"Baba watoto, u mzima?"

"Mzima. Mtoto anasemaje?"

"Anasema vizuri. Anasema maji, anasema kuku." Akashusha sauti. "Anamwita mjomba wake baba. Tunamkataza. Anacheka, halafu anamwita tena."

"Si kosa lake."

"Sijasema ni kosa lake."

Nikamwambia mwaka huu nitakuja. Akasema haya. Hilo "haya" nimekuwa nalo mchana kutwa, kama kibanzi kilichoingia kwenye kidole.

Alhamisi, 14 Machi

Kuta zetu ni za mabanzi, zile ngozi za magogo zinazotupwa, na zina nyufa. Leo, msumeno ukiwa kimya na Kesho yuko nje, nimechungulia kwa Birika. Sijivunii.

Nimeona kopo kubwa la rangi limejazwa unga wa mbao, ukashindiliwa. Katikati kuna tundu kama la chupa, na chini pembeni tundu jingine. Moto unafuka humo polepole, bila mtu kuusogelea. Juu kuna sufuria ya maharage. Birika mwenyewe hayumo! Chakula kinajipika peke yake kwa unga ambao sisi tunaufagia na kuumwaga bondeni.

Mimi nanunua mkaa. Nimefanya kazi ndani ya unga huo miaka miwili, na nanunua mkaa.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimechungulia tena. Maharage.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimepeleka msumeno wa mkono kunolewa. Birika hakuwepo. Kando ya benchi lake kuna ubao uliolazwa, na juu yake maandishi ya chaki. Nilisoma: viatu vya mvua, redio, sukari kilo mbili, kofia, sigara pakiti tatu, tochi. Mengine yamepigwa mstari, mengine yamefutika nusu.

Nikashtuka. Mtu huyu ana redio wapi? Ana sigara wapi? Chumbani kwake sikuona kitu. Basi kaficha. Na kama hakopi, kavipata vipi?

Nilipaswa kufunga mdomo. Nimemwambia Kesho.

"Aa! Mimi nilisema!" akaruka. "Mtu haishi kwa maharage. Na tochi ya nyapara si ilipotea mwezi uliopita?"

"Sijasema ameiba."

"Hujasema, lakini umeona."

Jumatatu, 25 Machi

Nataka kuandika haya kama yalivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Asubuhi nyapara alisimamisha msumeno mwenyewe, na siku ilikuwa kavu, siku ya malipo mazuri. Akaja mpaka mabandani na watu wote nyuma yake. Kesho alikuwa mbele kabisa. Birika aliitwa kutoka kwenye benchi, tupa yake ya kunolea bado mkononi.

"Fungua chumba," nyapara akasema.

"Hakifungwi, mkubwa. Kina mlango tu."

Waliingia watatu. Kwanza waliinua godoro lake, ambalo ni gunia lililojazwa maranda. Wakalichana. Maranda yakamwagika sakafuni. Wakashusha mfuko wa turubai wakaukung'uta: shati moja, suruali moja, wembe, barua zilizofungwa kwa uzi, bahasha yenye pesa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Pesa hizo!" Nyapara akahesabu, akafungua daftari lake la mishahara, akapiga hesabu kwa kidole, akarudisha bahasha. Zilikuwa za kwake. Haikuwepo redio. Haikuwepo tochi. Wakafika kwenye kopo la unga wa mbao, wakalipiga teke kuona kama kuna kitu chini. Sufuria ikaanguka. Maharage yakaenea matopeni na kuku wa Mama Duka wakayawahi.

Birika alisimama pale mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, "Mnatafuta nini? Niambieni, labda najua kilipo."

Nyapara akasema, "Tuliambiwa una orodha ya mali."

Birika alifikiri. Halafu akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha hasira, kilikuwa cha mtu aliyechekeshwa kweli. "Ile ya chaki? Mkubwa, mimi nikiwa na vitu vile vyote ningekuwa nadaiwa kama hawa."

Watu wakatawanyika. Msumeno ukawashwa. Mimi nilirudi kwenye nafasi yangu nikapokea mbao mpaka jioni, nimetulia kama maji mtungini. Hakuna aliyesema jina langu. Hilo lilinifurahisha, na kufurahi kwenyewe kulinitia aibu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Sikula.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda. Nilibeba kilo ya maharage, kwa mkopo. Alikuwa ameketi anashona gunia lake.

"Ni mimi niliyesoma ubao wako," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia Kesho."

"Najua. Na ni wewe unayechungulia. Jicho lako nalijua kuliko uso wako." Akakata uzi kwa meno. "Maharage hayo umelipa?"

Nikasema bado.

"Basi yarudishe. Nitakula maharage yenye deni mimi? Yataniunguza tumbo."

Nilibaki nimesimama na mfuko wangu kama mjinga. Ndipo akaniambia nikae. Nilimuuliza ile orodha ni ya nini, kwa kuwa kutokuijua kulikuwa kunaniwasha kuliko hata aibu.

Akasema, "Nikitamani kitu, nakiandika. Sikinunui siku hiyo. Shati langu linapita juu ya ubao kutwa nikinoa, linafuta. Kikifutika na mimi sijakumbuka kukiandika tena, basi sikukitaka, nilikuwa nimechoka tu. Nisichokisahau nakinunua, kwa pesa."

"Na umenunua nini mwaka huu?"

"Viatu vya mvua. Niliviandika mara tisa."

"Redio je?"

"Redio haifiki hata Ijumaa."

Nikamuuliza kama amezaliwa hivyo. Akacheka tena. Akasema alikuwa na masanduku mawili, miaka minne bila kwenda kwao. Siku aliyoamua kuyafungua akague, alikuta panya wameshafungua kabla yake. Wamezaa ndani ya blanketi. "Nililipa deni la blanketi la panya mwaka mzima," akasema. "Hata asante hawakusema."

Nilipotoka ndipo nikakumbuka jambo. Birika huondoka kila Juni na mfuko wake begani, na Agosti yuko hapa. Sisi tulikuwa tunasema mkewe humfukuza, ndiyo maana anarudi upesi. Katika kambi nzima, mtu pekee anayekwenda nyumbani kila mwaka ni yule tunayemcheka kwamba hana kitu.

Maharage nimeyarudisha. Mama Duka aliyapima upya, akafuta, akasema, "Leo jua litachomoza magharibi."

Jumatatu, 1 Aprili

Kopo nimelipata jalalani. Nimeweka chupa katikati, nimeshindilia unga, nimechomoa chupa. Unga wote ukabomoka. Nimerudia mara nne. Kesho anauliza kama najenga kaburi la paka.

Jumatano, 3 Aprili

Nilitumia unga mkavu mno, kumbe unataka unyevu kidogo. Kopo limewaka kuanzia saa moja mpaka saa saba mchana. Nimekula maharage yaliyoiva yenyewe. Nilikaa kuyatazama kabla ya kula.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua siku tano. Nimeandika tamaa zangu kwenye ubao, na kwa kuwa mimi sinoi, nafuta mwenyewe kila Jumapili zile nilizozisahau. Sigara haifutiki.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeanguka. Msumeno ulilala wiki nzima, nikawa nimechoka kusikiliza mvua, nikaenda kwa Mama Duka nikachukua soda mbili, biskuti na pakiti mbili za sigara. Mkopo. Sikuwa na njaa. Nilitaka tu mtu anipe kitu mkononi.

Nimemwambia Birika, nikidhani atanihubiria. Akauliza biskuti zilikuwa za aina gani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekata sigara katikati, navuta nusu. Kifua chenyewe kinashukuru.

Jumapili, 28 Aprili

Jua kidogo. Nimelivuta sanduku nje nikalifungua, nikiwaza ya panya. Panya hawapo. Sufuria tano zinazoingiliana. Blanketi. Kitambaa cha mke wangu. Viatu vidogo vyekundu nilivyonunua aliponiambia mtoto amezaliwa. Nimeviweka kiganjani, vyote viwili vinatosha. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuviingiza hata vidole. Nimelipia viatu ambavyo havijawahi kuwa na mwenyewe.

Nikaenda kupiga simu. Nilimwambia mke wangu kwamba nikitaka kuja mwaka huu, lazima nirudishe vile vitu dukani, na nitakuja mikono mitupu. Nilisema haraka haraka.

"Vitu gani?" akauliza.

"Sufuria. Blanketi."

"Kwani sisi hapa tunapikia viganja?"

Nikaanza kumtajia kitambaa.

"Baba watoto, wewe kinachokuweka huko ni sufuria?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nikilala najiuliza, ana mwanamke mwingine, anaumwa, amefungwa. Kumbe sufuria!" Akaanza kucheka. Katikati ya kicheko akalia, halafu akacheka tena. Pesa ya simu ikaisha.

Jumatatu, 6 Mei

Mama Duka hakutaka kusikia. "Hapa si ghala la majuto ya watu." Nimemwambia havijatumika hata kimoja. Akasema atafikiri.

Ijumaa, 10 Mei

Amekubali, kwa bei ya chini kuliko alivyoniuzia. Sufuria, blanketi, kitambaa, na sanduku lenyewe. Deni limebaki dogo, lile la chakula. Viatu vyekundu hakuvitaka. Akasema, "Hivyo nenda navyo, mwanangu, nitamuuzia nani hapa?" Nimempa mama anayetufulia nguo, ana mjukuu wa miezi mitano.

Chumba kimekuwa kikubwa.

Jumanne, 14 Mei

Leo nimemwona mtu mgeni, aliyekuja wiki mbili zilizopita, akitoka dukani na sufuria zangu tano kwapani. Anatabasamu. Nilijua amezichukua kwa mkopo. Nilijua atawaza nini akizitazama. Nikampisha apite. Kama ningemwambia azirudishe, Mama Duka angerudisha deni kwenye jina langu? Sijui. Sikujaribu kujua.

Jumatano, 15 Mei

Nimemtafuta yule mgeni. Nimemweleza yote, pamoja na kwamba zilikuwa zangu. Akasikiliza kwa adabu. Akasema, "Asante, kaka, lakini mimi sikai sana. Msimu mmoja tu." Nikamwonyesha jinsi ya kushindilia unga kwenye kopo. Hilo amelipenda.

Jumanne, 21 Mei

Kavu. Msumeno kutwa nzima. Mikono imekufa ganzi.

Ijumaa, 24 Mei

Kavu. Ni jambo la ajabu, kipato changu ni kile kile cha mwaka jana, pengine pungufu. Nimejaribu kutafuta ninachokikosa. Nimekaa juu ya mbao nikatafuta kwa makini, kama mtu aliyeangusha msumari. Ningependa sigara nzima. Baada ya hapo orodha ikakatika.

Jumanne, 28 Mei

Mama Duka amepiga mstari juu ya jina langu. Aliupiga mara mbili, akatazama, akasema, "Nitamkosa mteja." Sijui kama ulikuwa utani.

Kesho hajasema nami tangu asubuhi. Mchana nimerudi chumbani nikamkuta ameichana nailoni, godoro liko chini, naye amelala kifudifudi, mikono ameitanua. Nikadhani analia.

"Laini," akasema, uso ukiwa ndani. "Miaka yote hii, kumbe laini hivi."

"Na nyumbani utapeleka nini?"

"Niache kwanza nilale, ndugu yangu. Hilo tutaliongea."

Hakusema kesho.

Jumapili, 2 Juni

Naandika nikiwa juu ya lori, juu ya mbao nilizozipanga mwenyewe. Tunangoja dereva amalize chai.

Asubuhi walinisimamisha jukwaani kama desturi ilivyo. "Fungua! Fungua!" Nilikuwa na mfuko wa saruji nilioushonea kishikio. Nilitamani kuwaambia nina haraka. Nikaufungua. Shati, suruali, daftari hili, na bahasha yangu. Wakachungulia, wakatazamana.

"Huyu anakwenda nyumbani au anakwenda msalani?" mmoja akasema, na jukwaa zima likaangua kicheko.

Nilicheka nao. Nilingoja ile aibu niliyoiogopa miaka miwili ije. Ilikuja kweli, ikanichoma masikio, ikapita. Muda wake wote ulikuwa kama wa kushusha ubao mmoja. Kicheko kilipokwisha, nikagundua kwamba watu kadhaa hawakuwa wanacheka tena. Walikuwa wanatazama lori, kisha wananitazama mimi. Nyapara akasoma jina langu, nikapanda. Birika alikuwa ameshapanda zamani, amelalia mfuko wake, kofia usoni.

Dereva anakuja. Siku mbili za lori mpaka njia panda, kisha nusu siku kwa miguu kama daraja halijachukuliwa na maji. Nitalala hapo njia panda, nitaanza kutembea alfajiri, nitafika nyumbani Jumatano, tarehe 5 Juni, kabla ya chakula cha mchana. Nimemwambia mke wangu wasinipokee barabarani na wasimfundishe mtoto lolote. Akiniita mjomba, nitaitika.